Nimemkimbia Bibi Harusi kwa Sababu ya Vigodoro

Bi Tunu, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana nimefanya jambo la aibu na sina wa kumweleza. Mimi ni fundi cherehani wa Tabora mjini, mwembamba tangu nizaliwe, na siku moja kwenye ngoma ya harusi nilipojifunga kanga kiunoni wanawake wakasema huyu akigeuka upande haonekani, nikacheka nao, kisha nikaenda nyumbani nikakata godoro kuukuu nikajishonea vigodoro vya nyonga na makalio, na kwa kuwa kazi yangu naijua hakuna aliyegundua, wakasema dada umenawiri. Tangu hapo sikubali mtu anikumbatie, akija nampa mkono tu, jioni nafunga mlango mapema nivivue maana jasho linawasha, nakaa peke yangu nasikia majirani wanapiga soga barazani na siwezi kutoka. Sasa rafiki yangu Sikuzani anaolewa, Alhamisi anasuguliwa singo ya kung'arisha mwili, na sisi wenzake tunaomsugua tunaingia chumbani na kanga moja tu. Amenitaka mimi. Nikamdanganya kwamba shangazi yangu anaumwa, nikapanda gari mpaka kwake Kigwa. Shangazi ni mzima kabisa, anamenya karanga. Huku sikuvaa vigodoro, akanikumbatia mlangoni, akapitisha mkono mgongoni akasema, "Una mgongo wa marehemu mama yako," nikalia hata sijui kwa nini. Leo Sikuzani kanitumia sauti: "Muuguze shangazi, mwaya. Ila usipokuja sisuguliwi, sitaki mkono wa mtu mwingine." Nimwambie nini?

Fundi Hafsa, Kigwa

Marahaba, mwanangu. Nilianza kusoma nikicheka, nilipofika kwa shangazi nikaacha.

Kwanza nikugombeze. Kumzushia ugonjwa mtu mzima anayemenya karanga zake ni vibaya, tena umemtia bibi harusi wasiwasi wiki ambayo angekuwa anacheka. Wale wanawake hawakuwa na adabu, lakini nina hakika walisahau siku ileile. Wewe ndiye uliyeendelea kuwabeba kiunoni.

Halafu wewe ni fundi! Akija mteja mwembamba, unamwambia akanenepe kwanza? Unampima, unakata kitambaa kimfuate. Mbona mwenyewe umejinyima haki hiyo?

Unasema hujui kwa nini ulilia. Ulikuwa hujakumbatiwa muda mrefu, mwanangu, ndiyo sababu. Na mkono wa shangazi ulipofika ulikukuta wewe, si godoro. Upweke huo ulijishonea mwenyewe, na pole sana, kwa maana najua unavyouma.

Basi fanya hivi. Mweleze shangazi ukweli umwombe radhi. Atakucheka kidogo, vumilia. Mpigie Sikuzani, usimtumie ujumbe, umwambie yote kabla hujafika. Kisha panda gari urudi. Hivyo vigodoro vishonee foronya, wateja wavikalie wakisubiri nguo zao. Alhamisi ingia chumbani na kanga yako moja. Watakutazama, na mmoja hatakosa la kusema. Wewe endelea kusugua. Sitakudanganya kwamba siku hiyo utaupenda mwili wako. Hilo litakuja polepole, na halitakuja ukiwa umejifungia.

Wenye nyonga Sikuzani anao tele huko mjini. Yeye ameomba mkono wako.