Vikaragosi vya Kaka Nassor

Jumapili, 5 Januari

Vijiko viwili vya uji. Cha tatu akakitema. Nimembadilisha shuka, nimemgeuza ubavu, nimemfuta uso. Kinywa kakikaza. Mswaki hautaki tena. Nimempitishia pamba midomoni tu, basi.

Kaka Nassor ana miezi mitatu tangu kiharusi kimwangushe gereji, papa hapa Satwa, Dubai, brashi ya rangi mkononi. Mkono wa kulia umekufa. Sauti hakuna. Hospitali walimruhusu akiwa anakula, bakuli zima akilimaliza. Sasa wiki ya tatu hali, na sijui nimekosea wapi.

Daktari kasema tumrudishe tarehe 20. Akiwa bado hali, atatobolewa tumbo atiwe mpira wa kulishia. Baba yetu alikufa na mpira. Kaka ndiye aliyemuuguza, na tulipotoka kuzika aliniambia, "Zuhura, usiniache nikafika pale." Nikaitikia.

Siku kumi na tano. Naogopa.

Jumatatu, 6 Januari

Leo kafanya jambo.

Nilikuwa kwenye cherehani, naunga mikono ya abaya. (Tajiri wangu kaniruhusu nishonee nyumbani, Mungu amlipe.) Nikasikia kitanda kinalia. Kugeuka, ananitazama. Akafungua kinywa, akafunga. Akafungua, akafunga. Kisha mkono wa kushoto ukapanda hadi kwenye taya, vidole viwili vimebana kitu kisichoonekana, akavuta juu. Mara tatu.

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Vikaragosi!

Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na miwili. Unguja, nyumba ya kina Sherifa, wao walikuwa na televisheni. Ya rangi. Siku ya mchezo tulijaa mkekani mpaka mlangoni. Vikaragosi vya Kizungu, vichwa vikubwa kuliko miili, macho ya kioo yanakwenda kushoto yanarudi kulia, midomo inapiga tap tap. Wamepanda chombo cheupe chenye mbawa fupi, wanazunguka nyota hadi nyota. Moshi wa roketi ulipanda juu kama wa jikoni. Nyuzi tuliziona waziwazi. Hazikutusumbua. Sisi tuliwaita Watu wa Nyuzi.

Kurudi nyumbani Kaka aliwaigiza njia nzima. Kinywa tap tap, kidole kinavuta kichwa juu. Hivihivi alivyofanya leo.

Kwa hiyo yumo ndani. Anakumbuka. Anataka kuwaona.

Jioni hii kala vijiko vinne. Au nimehesabu kwa tamaa.

Jumatano, 8 Januari

Siku mbili natafuta kwenye simu. Jina la Kiingereza la mchezo ule sikulijua kamwe. Nimeandika kila nilichonacho: vikaragosi, nyota, chombo cheupe, zamani. Zikaja za watu wengine. Chombo cha kijani. Nyambizi. Mwanamke mwenye nywele za dhahabu, na wetu zilikuwa nyekundu. Kapteni Zena. Yeye ndiye mkuu wa chombo, wanaume wote chini yake. Nimemwandika Zena kwa kila namna. Hayupo.

Kaka kijiko kimoja. Shavu limeingia ndani. Nilipomwinua nikamhisi mwepesi, nikakasirika. Nimemkasirikia yeye. Niandike ukweli, hakuna anayesoma.

Alhamisi, 9 Januari

Kaja Salma, binti yake, kutoka hotelini kwake moja kwa moja, na sare. Kamwona baba yake akafunga mlango wa jikoni nyuma yetu.

"Shangazi, tusingoje tarehe 20. Tumpeleke kesho wamtie mpira."

"Baba yako hautaki."

"Amesema lini? Hasemi!"

Nikamweleza habari za vikaragosi. Nikamwonyesha na mkono. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile imenichoma kuliko angenitukana.

"Shangazi, baba anakufa njaa na wewe unatafuta katuni."

Si katuni, nikamwambia. Si katuni.

Kanipa mpaka Jumanne. Kama hakuna mabadiliko ataita gari la wagonjwa mwenyewe. Ana haki. Ni baba yake. Lakini mimi ndiye niliyeitikia.

Ijumaa, 10 Januari

Ishara ileile mara sita. Kinywa, vidole, kuvuta. Mara ya mwisho machozi yakamtoka. Nikambusu kipaji, nikamwambia nitakupatia, Kaka, nitakupatia. Akafumba macho.

Jumamosi, 11 Januari

Nimewaza usiku kucha kumbe jibu liko ng'ambo ya mji. Sherifa yupo Dubai! Miaka mingi hatuonani ila kwenye maziko. Anakaa kwa mwanawe Al Jaddaf, ghorofa ya kumi na saba. Salma akabaki na baba yake, mimi nikapanda teksi.

Bi Sherifa kazeeka vizuri. Bado anasema Kiunguja kitupu, kanikalisha, kahawa, halua. Nilipotaja Watu wa Nyuzi akapiga kofi paja lake.

"Yarabi! Na Nassor akitufasiria! Mama yangu alikuwa akiacha chungu motoni aje kumsikiliza."

Kweli, nilishasahau kuliandika hilo. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza. Sisi hatukujua neno. Kaka alikaa mbele ya televisheni, ubavuni, akatufasiria kila walichosema vikaragosi, sauti mbalimbali, ya kike, ya kizee, ya roboti.

Bi Sherifa jina la Kizungu analo. Kaka yake marehemu alikuwa na kitabu chake cha picha. Mwanawe akaandika kwenye simu, dakika tano, hicho. Kipande kimoja kizima, nimetumiwa. Nimekiona chombo cheupe kikipita kwenye kioo kidogo nikalia mbele ya watu.

Kurudi, Kaka kalala. Salma kachoka. Nitamwekea Jumatatu asubuhi, akiwa na nguvu. Kesho anakuja muuguzi wa kumwogesha na sitaki haraka.

Jumapili, 12 Januari

Muuguzi hakuja. Mwanakombo, Mkenya wa Kwale, kapiga simu kuwa ana homa, atakuja Jumatano. Nimemwogesha mwenyewe. Mifupa ya bega imetoka kama hanga za kutundikia nguo.

Kijiko nusu.

Jumatatu, 13 Januari

Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Nilimwinua kwa mito mitatu. Nikaisimamisha simu kwenye meza ya kulia mbele yake. Muziki ukaanza na mimi mwili mzima ukasisimka. Nikawa namtazama yeye, si simu.

Hakuna. Uso haukubadilika. Aliangalia dakika moja, mbili, kama mtu anayeangalia tangazo. Kisha ile ishara. Kinywa, vidole, kuvuta. Nikamwambia ndio hao, Kaka, si hao hapa? Akaipiga simu kwa mkono wa kushoto ikaanguka chini. Akalia kwa sauti. Sauti ya kwanza tangu kiharusi, na ilikuwa mlio tu, kama mnyama aliyebanwa na mlango.

Alipotulia nikakitazama peke yangu jikoni mpaka mwisho. Sijui kwa nini. Miaka thelathini na nne ya yes madam, no sir, Kiingereza sasa nakielewa.

Hakuna Kapteni Zena.

Yule mwenye nywele nyekundu ana jina jingine kabisa. Kazi yake kupokea simu ya upepo na kuwaletea wanaume vikombe. Kipande kizima ni pampu imeharibika, wanabishana nani aitengeneze. Ndicho kipande kile ambacho, kwa mdomo wa Kaka, Zena, mtoto wa mshonaji, anatoka nje ya chombo peke yake kuwafuata watoto waliopotelea kwenye jua, na jua linamwambia nenda rudi kwenu, na yeye anasema sirudi mikono mitupu. Nakijua kwa moyo. Mama yetu alikuwa mshonaji.

Nikampigia Bi Sherifa. Akacheka kwa upole.

"Wewe hukujua? Nassor Kiingereza hakukijua hata chembe. Sisi wakubwa sote tulijua. Tulinyamaza kwa sababu alikuwa akipiga hadithi nzuri kuliko wenyewe."

Nimekaa na simu mkononi. Nusu karne natamani kitu ambacho hakikuwahi kuwa kwenye televisheni. Kilikuwa kwenye koo la Kaka. Na koo lenyewe ndilo hili haliteremshi hata uji.

Jumanne, 14 Januari

Salma kaja. Sikubishana. Nimemwambia fanya unavyoona. Akasema kesho saa nane, gari limeshaagizwa. Tukakumbatiana, wote tunanuka dawa.

Nimemwambia Kaka. Nimemwambia nimeshindwa, unisamehe. Akageukia ukuta.

Sina jingine.

Jumatano, 15 Januari

Naandika mbio. Mwandiko huu sitausoma mwenyewe.

Mwanakombo kaja saa nne, homa imeisha. Nilimwambia asihangaike kumwogesha, gari linakuja. Akasema, "Hapana mama, haendi hospitali mchafu." Akaanza kumfuta. Kaka akamfanyia ishara. Kinywa, vidole, kuvuta.

Mimi nikasema ah, hiyo ni michezo ya utotoni kwetu. Mwanakombo akaweka kitambaa kando. Akainama mpaka pua karibu na pua.

"Baba, mdomo unauma?"

Kaka akafumba macho, akafumbua. Akafumba, akafumbua.

"Mama, tochi."

Nikaleta simu. Akamshika taya taratibu, akamsemesha kama mtoto mchanga, wallahi yule mtu aliyekaza meno wiki nne akapanua kinywa chote. Harufu ikatoka. Mwanakombo akaniita nitazame. Chini, kushoto, nyuma. Meno matatu ya bandia, yameshikwa kwa waya. Waya umevunjika, ncha imezama kwenye ufizi, pembeni pamevimba, pana usaha.

Meno ya bandia! Sikujua. Salma hajui. Alikuwa mtu wa kujipenda, alificha. Au hospitali waliniambia, katika yale mengi waliyoniambia siku ya kumtoa, na mimi sikusikia.

Mwanakombo akavaa glavu, akayatoa. Kaka akapiga yowe moja. Kisha akashusha pumzi ndefu, mwili wote ukalegea.

"Alikuwa akikwambia toa," Mwanakombo akasema. Hakusema kwa ubaya. "Khalas, yametoka."

Siku tisa ananiomba. Siku tisa nikimwendea Al Jaddaf, nikimwekea muziki, na waya umo ndani ya nyama yake. Kila kijiko nilichomsukumia nilikuwa namdunga.

Nilikwenda jikoni nikakitupa kile kijiko.

Gari lilikuja saa nane, akapelekwa, lakini kwa kinywa si kwa tumbo. Wamemsafisha, wamempa dawa. Karudi kabla ya magharibi. Salma kashika mkono wangu njia nzima, hakuna aliyesema neno katuni.

Ijumaa, 17 Januari

Maziwa, kikombe. Supu iliyochujwa, nusu bakuli. Anameza kwa shida, anakunja uso, lakini anafungua mwenyewe.

Mimi sijala. Kila nikikaa mezani naona ile ncha.

Jumatatu, 20 Januari

Daktari kampima, kamsikiliza, kamtazama akinywa maji kidogo kidogo. Mpira hautiwi. Turudi baada ya wiki mbili. Salma akalia pale pale kwenye kiti.

Kuhusu sauti nikauliza mimi. Daktari hakunizungusha. Mengi ya maneno huenda yasirudi. Pengine machache.

Nimeelewa. Nilipotoka nje nilitaka kumpiga mtu.

Jumatano, 22 Januari

Asubuhi ya baridi, nimefungua dirisha. Gereji za chini zimeanza kugonga mabati. Kaka kala bokoboko la ngano na nyama, bakuli zima, nimelisaga laini.

Baada ya kula akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwangu, kiganja chini, akawa anakishusha polepole. Anakishusha, anakipandisha, anakishusha.

Sikukisia. Niliacha bakuli nikauliza, kimoja kimoja. Ndiyo, fumba macho. Unataka maji? Hapana. Unaumwa? Hapana. Nikulaze? Hapana. Nipunguze kelele, nifunge dirisha? Hapana. Ni Salma? Hapana. Mito? Hapana. Niliuliza mpaka nikaishiwa, nikasimama tu, bakuli kiunoni.

Nikasema, "Mimi? Nikae?"

Akafumba macho.

Nikavuta kiti, nikakaa.