Difu ya Gari la Muna

Minjila, Garsen
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu mpenzi Barwako,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima huko Mombasa, na kwamba lile jino halikusumbui tena. Sisi huku hatujambo. Mama anakula na kulala vizuri, na juzi alinigombeza mbele ya wageni kwa kuacha zizi wazi, kwa hiyo ujue nguvu zimemrudia. Mvua imenyesha na majani yameota mpaka mlangoni.

Nimeona nikuandikie kwa mkono na kuituma barua kwa basi la asubuhi, kwa sababu kwenye simu, kila tukifika kwenye jina la ndugu yetu Nuh, mmoja wetu husema mtandao umekuwa mbaya. Nina habari zake nyingi, na sitaki zikatwe katikati.

Ikran alipotoka eda, mali ya marehemu iligawanywa kama Maalim Bilal alivyoelekeza. Mama na Ikran walichukua ng'ombe, nami nikapata wale mbuzi, fungu lako likiwamo. Ile Mark II nyeupe ya Nuh ikaangukia fungu la binti yake Muna, na mimi nikawekwa msimamizi wake mpaka mtoto akue. Kila wiki naliwasha gari na kulipangusa vumbi. Muna hukaa kiti cha mbele na kuniamuru nivue viatu vyenye samadi. Amerithi sauti ya baba yake pamoja na gari. Kipande cha mswaki wa Nuh bado kimo pale karibu na gia. Sijaweza kukitupa, na Muna pia hajakigusa.

Sasa nikwambie habari za Griffin. Unamkumbuka, yule fundi wa kuchomelea kutoka Golbanti, rafiki wa Nuh tangu shule. Siku za kiangazi wawili hao walikuwa wakilipeleka gari kwenye uwanda mkavu nyuma ya maboma, wakiliteleza kwa ubavu kwenye vumbi, ule mchezo wao wa drifti, na wachungaji wakiwatukana mpaka jua linazama. Kabla Nuh hajaugua walikuwa wamejiandikisha kwa mashindano ya Malindi. Pale hospitalini, homa ilipomzidi, Nuh alimshika Griffin mkono na kumwambia nafasi yao isibaki tupu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya soda aliyoiomba na asiweze kuinywa.

Basi mwezi uliopita Griffin alikuja na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake, akanywa chai ya Mama, kisha akasema siku ya Malindi imekaribia na gari halina difu ya kazi hiyo.

Najua utauliza difu ni nini. Nuh aliwahi kunionyesha. Aliwashikisha mikono Muna na binti wa jirani, akawakimbiza kulizunguka hori la kunyweshea ng'ombe. Wa nje alikimbia, wa ndani akajikokota. Akasema ndivyo magurudumu ya nyuma yanavyokata kona, na difu, zile gia zilizo katikati yake, ndiyo inayolipa kila gurudumu mwendo wake. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiteleza linazunguka bure na la pili linakaa tu, kama tunavyoona kila masika kwenye tope. Mtu wa drifti anataka yote mawili yasukume. Kwa hiyo huchomelea gia za ndani ya difu, magurudumu yakafungwa pamoja, au hutafuta difu ya LSD, ambayo hubana yakiteleza na kulegea kwenye kona.

Griffin alitaka kuchomelea. Alisema ni kazi ya asubuhi moja na vifaa anavyo, na kwamba LSD ni ya watoto wa matajiri. Nilipouliza kama kilichochomelewa kinaweza kurudi kilivyokuwa, alicheka, akasema labda yai la kukaanga nalo lirudi kuwa kuku. Muna alisikia yote. Alisema gari ni lake na ameruhusu, tena lichomelewe leo kabla ya chakula.

Nilimfuata Maalim Bilal, nikamkuta kwenye foleni ya kusaga mahindi. Kwanza aliuliza kwa nini mtu mwenye akili atake gari liende kando wakati limeumbiwa mbele. Foleni nzima ikacheka. Kisha akaacha utani. Akasema ruhusa ya mtoto si ruhusa, na mali ya yatima si kitu cha kuharibiwa kwa ajili ya mapenzi, hata yakiwa mapenzi ya kweli. Kinachoweza kufunguliwa na kurudishwa kama kilivyokuwa, nifungue. Kisichorudi, nisiguse. Habari ya gari kugonga huko mashindanoni sikumwuliza, maana nilijua angekataza.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta LSD. Mtu wa huko Mombasa alitutumia picha, Griffin akafurahi, halafu akaona ni ya gari la aina nyingine kabisa. Tulitafuta pia difu kuukuu, tuichomelee hiyo na ya Muna tuihifadhi nyumbani, lakini Garsen nzima hatukupata inayoingia. Siku zikawa zimetuishia.

Griffin alikasirika. Aliniuliza mbele ya Mama kama Nuh alikuwa ndugu yangu au jirani yangu. Nilimjibu kwamba ahadi ni ya Nuh lakini gari si la Nuh tena. Akaondoka na kuacha chai nusu kikombe, na unajua Griffin hajawahi kuiacha chai ya Mama. Mama akaniambia nisimchukie, kwamba mtoto wa watu naye amefiwa.

Dada, hapa nakuomba ukae kitako.

Asubuhi iliyofuata niliipeleka kwa Griffin ile pikapu ya maziwa, tuliyoinunua mimi na wewe kwa ng'ombe wako wa mahari. Nikamwambia achomelee hiyo. Aliivua miwani yake ya kazi, akanitazama, akasema hii haina kurudi nyuma. Akauliza kama Barwako anajua. Nikasema anajua. Siku ile ulikuwa uongo. Nilikuwa na simu mfukoni. Sikukupigia kwa sababu nilihofu utakataa, na kwamba utakuwa na haki.

Tulikwenda Malindi tukinuka maziwa. Watoto walitukimbilia wakipiga kelele "Maziwa! Maziwa!", na kijana mmoja mwenye gari linalokaribia kugusa ardhi akatuuliza kama tumekuja kuyauza au kuyamwaga. Griffin aliandikisha majina mawili, lake na la Nuh. Aliyeandika akauliza yuko wapi huyo wa pili, Griffin akamjibu kuwa yuko. Kisha akanifungulia mlango, akasema hicho ni kiti cha Nuh, nisikiache wazi. Pikapu yetu ilizunguka, magurudumu yote mawili yakilia kwa pamoja, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, sijui yapi yalikuwa ya nini. Tulitolewa mapema. Lakini nafasi haikubaki tupu, na Griffin sasa anamaliza chai yake.

Sitakuficha hasara. Kwenye lami pikapu inakata kona kama dume lililokataa kamba, na matairi yanakwisha haraka. Dukicha na wenzake wanaouza maziwa wanasema nikiendelea kuyatikisa maziwa hivi watafungua biashara ya siagi. Kwenye tope tu ndiko inakopita bila wasiwasi. Griffin ameapa kuitafutia difu nyingine kwa jasho lake, lakini nusu ya pikapu ni yako na niliichomelesha bila kukuuliza. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Usininyamazie tu, kwa sababu ndugu niliyebaki naye ni wewe.

Mama anakusalimu, anasema umletee watoto kabla mto haujafurika. Ikran anakusalimu, na Griffin anakusalimu kwa woga. Muna anataka ujue kwamba amekasirika nasi sote. Gari lake liko chini ya turubai, zima kama baba yake alivyoliacha. Nimemwambia akishakuwa mtu mzima akitaka kulichomelea, hakuna atakayemzuia.

Mungu akulinde wewe na wako.

Mdogo wako,
Wako