Harufu ya Langoni

9 Januari

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba baridi ya huko haijakuzidi nguvu. Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri na utani wake haujapungua.

Nina heshima kukuarifu kwamba agizo lako nimelitekeleza, tena kwa ziada. Ulisema ukija likizo unataka kuyakuta matunda mtini, si sokoni. Nikiwa mhitimu wa kilimo cha bustani, niliukagua ua kwa jicho la kitaalamu, nikabaini kwamba mstafeli na mpera ilikuwa ikinyimwa jua. Kwa hiyo mlangilangi wa langoni nimeukata hadi usawa wa kifua, mwasumini wa mlango wa bafu umebaki vijiti, na mirehani iliyolizingira tangi la maji nimeing'oa. Mwanga sasa unafika jikoni. Jirani amesema ua umekuwa kama ofisi.

Zaidi ya hayo, kituo cha utafiti wa miche, kilichopo upande wa pili wa mji, kimeniita kazini kuanzia mwezi Machi. Ni kazi ya kutoka alfajiri na kurudi magharibi. Naomba utafute mapema mtu wa kushinda na Bibi, nami nitamkabidhi nyumba pamoja na ratiba ya umwagiliaji.

Wako mtiifu,
Mwanao

24 Januari

Bwana Shamba wangu,

Marahaba, baba. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Shuka za hospitali hii hazina mwisho. Ukikunja moja, kumi zinakungoja. Hongera kwa kazi! Barua yako niliwasomea wenzangu pale tunapopigia pasi, wakapiga vigelegele hadi msimamizi akaja kuuliza nani kaolewa.

Sasa nisikilize. Jana nilimpigia Mama kwa simu ya jirani, nikamuuliza mbona siku hizi hatoki nje. Akanijibu, "Nje ipi? Mwanao wa shule kaiondoa."

Mwanangu, tangu macho yake yalipozimika, Mama anatembea kwa pua. Rehani ni tangi. Asumini ni bafu. Langilangi ni lango, na akivuka lango ni baraza ya shoga yake. Mimi nilikuagiza matunda nikasahau kukwambia. Wewe umekaa naye nyumba moja, hukuona? Basi lawama tugawane, lakini ndoo ya maji iko mikononi mwako. Uliyoikata, ioteshe.

Shangazi yako

15 Februari

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa mikono. Afya zetu ni njema, ingawa moyo wangu hauna utulivu.

Naomba kuwasilisha juhudi zilizofanyika hadi sasa. Kwanza, nilifunga kamba kutoka mlango wa Bibi hadi bafuni, ili aishike na kuifuata. Aliipapasa, akaniuliza mwisho wake umefungwa wapi, kisha akasema, "Mimi si mbuzi." Pili, nilileta asumini ya kwenye chungu. Kwa bahati mbaya nilikisogeza chungu kivulini, naye akakifuata hadi kwenye banda la kuku. Tatu, nilimwita mama mmoja wa mtaa wa nyuma aje kushinda naye. Bibi alimkaribisha kwa adabu zote, akamnywesha chai, lakini ulipofika wakati wa kuoga akagoma: "Nivuliwe nguo na mgeni kwangu mwenyewe?"

Kwa sasa mkono wangu ndio kamba. Nampeleka tangini, nampeleka bafuni na kumsubiri nje, nampeleka barazani kwa shoga yake, ambako nami hukaa nikisikiliza habari za magoti hadi waagane. Nikienda dukani humkuta amesimama mlangoni, akiita, "Nani yupo?"

Machi inakaribia. Nakusihi uje.

Mwanao

2 Machi

Bwana Shamba,

Marahaba. Nimekusoma, nikacheka kwa mbuzi, kisha nikalia.

Siwezi kuja. Likizo hapa hutolewa mkataba ukiisha, na wangu haujaisha. Usidhani umefungiwa peke yako: chumba tunacholala, dirisha limepigwa misumari, eti tusipoteze joto. Waandikie hao wa kituo wakusubiri. Wewe si ndiye unayejua maneno makubwa? Yatumie.

Shangazi yako

27 Aprili

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi hajambo.

Kituo kimekubali kunisubiri hadi katikati ya Juni, na si zaidi. Mirehani niliyoipanda upya imestawi. Bibi sasa anafika tangini peke yake, anasimama hapo, kisha ananiita nimpeleke kwingine. Mwasumini una vitumba. Mlangilangi una majani tu. Kila asubuhi naukagua kama daktari wa zamu.

Matunda uliyoyaagiza ni mengi mno. Mastafeli yanaanguka usiku na mchana, nami nayafagia.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Juni imepita na hukuandika. Mama ananiambia asumini imechanua na bafuni anakwenda mwenyewe, akiimba. Lakini anasema wewe huongei tena, unazunguka mlangilangi tu.

Kazi imekuwaje? Niambie hata kwa neno moja. Mimi wameniongezea mkataba, na nimetia saini. Ningefanyaje? Usinichukie.

Shangazi yako

19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Bibi mzima.

Mlangilangi umechanua. Mimi nilikuwa nafua, sikujua. Bibi ndiye aliyeinua uso, akasema, "Kumbe lango lipo," akaupita mwasumini, akalipita tangi, akaenda moja kwa moja hadi langoni na kufungua komeo. Kisha akanigeukia. "Haya, Bwana Shamba, nenda kazini. Deni lako limekwisha. Mimi njia naijua."

Sikuwa nimemwambia kwamba kituo kilimchukua mwingine tangu Juni. Alikuwa akicheka kwa furaha, Shangazi, mkono wake uko kwenye komeo. Nikavaa viatu vya usaili, nikachukua bahasha ya vyeti, nikamuaga. Nilifika kwa fundi viatu pale kona, nikakaa kwenye benchi lake hadi jua likazama. Niliporudi nilimsikia barazani kwa shoga yake, anajisifu hadi anapaliwa.

Tangu siku hiyo natoka kila alfajiri, yeye ananifungulia lango. Magharibi narudi. Akiniuliza kazi ikoje, namwambia miche inakua.

Ukimpigia simu, usimwambie.

Mwanao