Shimo ya Luena

Kamina, siku ya tano

Hapana, sitaingia mu ile shimo ya makala ya mawe ya Luena! Mayi yake iko nyeusi, na chini kulibakia kamba za chuma. Shefu anataka nizame, nitoshe pompe ya kuvuta mayi yenye iliangukamo.

— Citoyen plongeur, brevet yako ya kuzama iko ya kazi gani?

— Nilipata juzi tu, shefu. Inaniruhusu mayi safi, na mwenzangu pembeni. Mule sitaona hata mukono yangu.

— Unaogopa?

— Ndiyo, shefu. Kuogopa njo kitu ya kwanza balitufundisha.

Kesho pengine atanifunga ku kasho. Anifunge! Mayi ya kuzama, miye njo nachagua.

Nilielezea bibi yangu wa ndoa yote, nikifikiri atalia. Alisema: "Ku kasho nitakuletea bukari, ukule. Mu shimo nitakuletea nini?"