Tata, Nimeacha Kazi ya Kuuza Mawazo

Mpendwa Tata, baba yangu,

Ijumaa niliacha kazi. Nilirudisha funguo za ofisi, nikaagana na wenzangu, kisha nikatembea polepole hadi ufukweni. Ziwa lilijaa ukungu, nikajiona kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha.

Unakumbuka nilipoajiriwa? Nilikuja nyumbani Kagoma na blauzi mpya, ukaniuliza huko Bukoba nitauza nini.

"Mawazo, Tata. Mtu ana duka, mimi nambunia tangazo, namshawishi akubali, fundi analichora."

Ukamgeukia Mawe, mama yangu. "Binti yako anauza kitu kisichokaa hata kwenye kikapu!" Mkacheka mpaka chai ikapoa.

Kisha mnyauko ukaingia kwenye kibanja chetu. Majani ya migomba yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza. Bwana shamba akasema migomba iliyougua ing'olewe yote. Ukakataa. Mawe akanipigia simu: "Njoo uongee naye. Si ndiyo kazi yako?"

Nilikuja nimejiandaa kama naenda kwa mteja mkubwa. Nikaongea asubuhi nzima. Wewe ulinitazama tu, kwa upole, mpaka maneno yakaniishia. Nikauliza, "Tata, shina hili la mlangoni alilipanda nani?"

Ukaanza kusimulia. Lile alilipanda babu ulipozaliwa wewe. Lile kule ulilipanda wiki ya harusi yenu. Jingine lilitoa mkungu uliopikwa siku ya ubatizo wangu. Tulitembea taratibu kutoka shina hadi shina, mwanga wa kijani ukitushukia mabegani, nami nikahisi tunapita ndani ya maisha yako. Nilisahau kabisa nilichotumwa. Tulipofika mwisho wa shamba ulivua kofia, ukaishika mkononi.

"Leta panga," ukasema. "Tukichelewa, hata ile mizima itakwenda."

Tulikata pamoja. Ulilia, nami nikajifanya sioni. Miche mipya ilipozaa, ulinitumia mkungu mjini, ukaniambia kwenye simu, "Mpe bosi wako. Mwambie hilo ni wazo langu."

Tangu hapo sikuingia tena kwa mteja na maneno mdomoni. Niliuliza, nikasikiliza. Mama mmoja wa Kaagya anayekaanga kahawa alinisimulia jinsi harufu yake ilivyokuwa ikiwaita wanawe kutoka shuleni, na tangazo likawa limepatikana. Mimi niliandika tu. Ofisini wakasema nina kipaji. Nilitabasamu, nikakuwaza wewe na kofia yako mkononi.

Siku hizi wateja wanataka tangazo kabla hawajakaa kwenye kiti. Hakuna anayesimulia, na mimi bila masimulizi sina cha kuuza. Ndiyo maana nimeondoka, Tata, bila kinyongo na mtu.

Jumamosi nitapanda basi kuja Kagoma. Mawe ameshafagia chumba changu. Nimewakubalisha watu mambo mengi, lakini lipo moja ambalo mimi mwenyewe bado sijalikubali: kwamba nikiingia kibanjani nikaita "Tata!", hutaitika.

Nitaita hivyo hivyo.

Lala salama, waitu, wetu mpendwa.

Binti yako