Eti Nimefaulu

Mwenzangu, nimetoka sinema kabla filamu haijaisha. Bado siamini.

Ni ile filamu ya majasusi wapya wanaofunzwa kazi. Mkufunzi akamtuma mwanamume amtongoze mwanafunzi wake, aone kama atatoa siri.

Mchumba wangu akacheka, akaninong'oneza, "Hata mimi nilikupima hivyo. Ukafaulu."

Ukafaulu!

Unamkumbuka yule mtu aliyenisumbua kwa meseji mpaka nikabadilisha namba? Kumbe ni binamu yake. Yeye ndiye aliyemtuma.

Nilikuwa naogopa hata kwenda kazini, na yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa akinisindikiza, akinipa pole njia nzima.

"Sasa unanuna nini na umefaulu?" akaniuliza.

Pete nimeitumbukiza kwenye bisi zake, nikaondoka.