Kadi ya Kogo ya 1954

Sally uko? Nimekaa chini kwa stoo ya baba na siwezi inuka.

Leo daktari wa saba. WA SABA. Vidole kufa ganzi, magoti kuvimba, macho kukauka, na bado anasema ni mawazo tu. Akauliza kama kwetu kuna mwenye aliugua hivi. Baba akasema hakuna. Nikaamua kutafuta.

Nimepata kadi ya kogo Tabutany, mama yake baba. Ya 1954, ya zahanati ya shamba la chai alikokuwa akichuna.

Sally. Vidole kufa ganzi. Magoti. Macho.

Alienda mara kumi na moja. Kila mara dresa, yule mtibabu wa zahanati, ameandika yaleyale: MVIVU. ARUDI KUCHUNA.

Mvivu!!

Na mimi miaka nne nikidhani niko peke yangu.

Unajua nilipozaliwa walitaja majina ya wafu wetu mojamoja kujua nani amerudi kwangu, nikapiga chafya walipotaja la kogo. Wazee wakasema amerudi. Mimi nilikuwa nacheka hiyo story.

Kesho naenda na kadi yake kwa daktari. Hiyo itakuwa mara yake ya kumi na mbili.